Asili na Maendeleo ya Vishazi Vivumishi katika Ukoo wa Lugha za Awyu za Papua

Katika vitabu vingi vya sarufi tulivyosomeshwa, na ambavyo baadhi yetu tungali tunavisomeshea, kishazi kinachoifafanua nomino huelezwa kwa kuanzia na neno moja dogo liitwalo kiwakilishi rejeshi. Mwanafunzi huambiwa kwamba sentensi mbili, 'Mtu alikuja' na 'Mtu alichukua upinde', huunganishwa kwa kuiondoa nomino ya pili na kutia mahali pake kiwakilishi kinachoirejelea ile ya kwanza. Maelezo hayo yalitungwa kwa ajili ya Kilatini na lugha za Ulaya zilizokulia kivulini mwake, na huko yafaa. Shida huanza pale yanapochukuliwa kuwa ndiyo maelezo ya lugha ya binadamu. Kiwakilishi rejeshi cha namna ya Kilatini, chenye kubadilika umbo kwa kadiri ya kazi yake ndani ya kishazi, ni kitu kisichopatikana kwa wingi nje ya Ulaya. Kwingine kishazi kivumishi kimezaliwa na wazazi wengine kabisa.

Makala haya yanajaribu kuwaonyesha wazazi wawili kati ya hao: nomino ya jumla, yenye maana ya 'mtu' au 'kitu', na kionyeshi. Mfano mkuu utatoka katika ukoo wa lugha za Awyu, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Guinea Mpya. Msomaji wa idara kama yetu aweza kuuliza, Papua inatuhusu nini? Jawabu litaonekana tukiendelea, kwani mambo ambayo kule bado yako uchi, huku kwetu yamefunikwa na upatanisho wa ngeli hata tumesahau kuyatazama.

Nimechagua jina 'kishazi kivumishi' badala ya 'kishazi rejeshi' kwa sababu moja. Urejeshi wahitaji kwamba nomino inayofafanuliwa iwe na nafasi yake ndani ya kishazi, ama kiima ama yambwa ama kinginecho. Lakini ziko lugha ambamo nomino hufafanuliwa na kishazi kisichokuwa na nafasi yake ndani. Yoshiko Matsumoto ameeleza kwa urefu jinsi Kijapani kinavyoweza kusema, kwa muundo uleule mmoja, 'samaki aliyemchoma' na pia 'harufu' inayotokana na kuchomwa kwa samaki. Kiswahili hapo hugawa kazi: kwa lile la kwanza tuna -ye-, na kwa la pili tunakimbilia kihusishi -a na kitenzi-jina, 'harufu ya kuchoma samaki'. Jina pana lafaa basi kwa mwenye kutafuta asili, asije akaanza safari akiwa amekwisha kuamua atakachokuta.

Yafaa kwanza neno 'Papua' lenyewe liwekwe wazi. Kisiwa cha Guinea Mpya kimegawanyika kiserikali: mashariki ni sehemu ya nchi ya Papua Guinea Mpya, iliyopata uhuru mwaka 1975, na magharibi imo katika Indonesia. Katika Papua Guinea Mpya peke yake huhesabiwa lugha zaidi ya 800. Wanaisimu husema 'lugha za Kipapua' kwa kuzikusanya lugha za eneo hilo zisizo za Kiaustronesia; ni jina la kapu, wala si la ukoo. Ndani ya kapu hilo mna koo nyingi zisizojulikana kuwa na asili moja. Ulio mkubwa kupita zote ni ule uitwao Trans-New Guinea, uliopendekezwa na McElhanon na Voorhoeve mwaka 1970, ukapanuliwa mno na Wurm mwaka 1975, kisha ukapunguzwa na kupangwa upya na Malcolm Ross mwaka 2005 kwa ushahidi wa viwakilishi vya nafsi. Umbo la na kwa 'mimi' na ga kwa 'wewe' ndiyo alama yake mashuhuri.

Lugha za Awyu huhesabiwa katika ukoo huo mkubwa. Wasemaji wake wanakaa katika misitu na vinamasi vya bonde la mto Digul na mito ya jirani, katika mkoa ambao tangu mwaka 2022 unaitwa Papua Kusini. Padre Peter Drabbe, Mholanzi, ndiye aliyeweka msingi wa elimu ya lugha hizi katika miaka ya 1950. Lourens de Vries akafuata na sarufi ya Kikombai mwaka 1993, na baada yake Ruth Wester, katika tasnifu ya mwaka 2014, akajaribu kuunda upya lugha mame ya sehemu kubwa ya ukoo. Kikombai kina wasemaji maelfu machache tu. 'Mimi' kwa Kikombai ni nu, na 'wewe' ni gu; msomaji ataona mwenyewe jinsi alama ya ukoo mkubwa ilivyodumu.

Sasa tuingie katika sentensi. Lugha hizi, kama zilivyo nyingi za Trans-New Guinea, huweka kitenzi mwisho. Tena hupenda kusimulia kwa mfululizo mrefu wa vishazi ambamo kitenzi cha kila kishazi cha kati huwa pungufu, na ni kitenzi cha mwisho kabisa kinachobeba nafsi na wakati kwa ukamilifu. Mswahili aelewe jambo hili kwa kuigeuza -ka- yake. Tusemapo 'Aliamka, akashika njia, akakata mti', kitenzi cha kwanza ndicho chenye wakati na vingine vyakitegemea. Mpapua hukaa na mtegemeo huo mpaka mwisho wa safari. Zaidi ya hayo, kitenzi cha kati mara nyingi huwa na alama ya kumjulisha msikilizaji kama mtenda wa kishazi kijacho ni yuleyule au mwingine.

Katika mto wa maneno kama huo, kishazi kivumishi kina tatizo lake maalumu. Msikilizaji atajuaje kwamba 'walitoa sagu' si tukio jipya katika hadithi, bali ni sifa ya sagu ambayo atatajiwa habari yake? Hapana budi pawe na ishara ya kukitoa kishazi nje ya mfululizo na kukikabidhi kwa nomino. Lugha za Awyu zina njia yao ya kufanya hivyo, na katika Kikombai njia hiyo ni ya ajabu kwa jicho la mwanafunzi wa sarufi za Ulaya:

doü adiyano-no doü deyalukhe

Neno kwa neno ni: sagu, walitoa pamoja na kiungo -no, sagu, imekwisha. Maana yake, 'Sagu waliyoitoa imekwisha.' (Sagu ni wanga utokao katika moyo wa shina la jamii ya mtende uotao vinamasini, na ndicho chakula kikuu cha watu hao.) Nomino imetajwa mara mbili, ndani ya kishazi na nje yake. Hakuna kilichoondolewa, wala hakuna kiwakilishi kilichotiwa mahali pa kitu. Nadharia ya kuondoa na kubadilisha haina la kusema hapa.

Mara nyingi, hata hivyo, nomino ya nje hairudii ile ya ndani. Huwekwa nomino ya jumla: ro, 'kitu', au rumu, 'mtu'.

gana gu fali-kha ro na-gana-y-a

Yaani: panga, wewe, umekwenda nalo, kitu, ni panga langu. Kwa Kiswahili cha kawaida, 'Panga ulilokwenda nalo ni langu.' Vivyo hivyo, mzee anayeshiriki katika kazi atatajwa ndani ya kishazi kwa jina la 'mzee', na nje ya kishazi atasimamiwa na rumu.

Hapo ndipo penye historia. Sentensi ya kwanza na ya pili ni hatua mbili za njia moja, na zote mbili zingali hai katika kinywa cha msemaji mmoja. Katika hatua ya kwanza nomino ileile yarudiwa kwa ukamilifu, na si vigumu kuona jambo hilo lilikotoka: 'Walitoa sagu, sagu (hiyo) imekwisha.' Ni sentensi mbili zilizosogeleana. Katika hatua ya pili nomino ya nje imeacha kutaja kitu na imebaki kutaja aina tu, mtu au kitu. Hatua ya tatu ingekuwa neno hilo la jumla kupoteza mkazo wake, likajiambatisha na kitenzi, na mwishowe likawa mofimu ya kukigeuza kishazi kuwa nomino. Hatua hiyo siitoi kwa kubuni. Katika Kikorea neno geot, 'kitu', limekwisha kusafiri sehemu kubwa ya njia hiyo, na leo kazi yake kubwa ni kukifanya kishazi kizima kisimame pahali pa nomino.

Mtu aliyezoea usimulizi wa Kipapua ataona pia kichocheo cha urudiaji huo. De Vries ameonyesha, katika makala yake ya mwaka 2005, jinsi wasimulizi wa lugha hizi wanavyopenda kuunganisha sentensi kwa kushika mkia wa iliyotangulia: 'Wakafika mtoni. Wakafika mtoni, wakakuta mtumbwi.' Kishazi kilichorudiwa hakileti habari mpya. Ni daraja tu, na msikilizaji hupata nafasi ya kuvuta pumzi pamoja na msimulizi. Basi kishazi kinachotajwa kwa kuwa kimekwisha kujulikana ndicho kilicho karibu mno kuwa kivumishi. Na sisi je? Bibi zetu husimulia, 'Wakaenda, wakaenda. Walipokwenda, wakaliona joka.' Tazama kwamba kishazi chetu cha kurudia kimevaa -po-, yaani kirejeshi chenyewe. Sidai kwamba kirejeshi cha Kiswahili kilizaliwa katika hadithi. Nasema tu kwamba kazi hizi mbili ni jirani, na mlango kati yake umeachwa wazi katika lugha zaidi ya moja.

Njia ya pili, ile ya kionyeshi, yaonekana vizuri zaidi tukitoka katika ukoo wa Awyu na kwenda mashariki, mkoa wa Madang wa Papua Guinea Mpya, ambako Ger Reesink aliichunguza lugha ya Kiusan na kuchapisha sarufi yake mwaka 1987. Kiusan nacho kimo katika Trans-New Guinea, lakini kwa mbali. Huko kishazi hufungwa kwa kionyeshi eng, 'huyu, hii'. Tukikivika maneno ya Kiswahili, muundo wake ni 'mtu upinde alichukua huyu'. Kionyeshi hukifunga kishazi kama mtu afungavyo mzigo kwa kamba, kisha mzigo mzima hukabidhiwa sentensi inayofuata. Kwa kuwa nomino imebaki ndani ya mzigo, aghlabu ni muktadha unaomjulisha msikilizaji kama anaambiwa habari za mtu aliyeuchukua upinde, au za upinde wenyewe. Na kionyeshi hichohicho hufunga vishazi ambavyo sisi tungevitafsiri kwa 'ilipokuwa' au 'kwa kuwa', kwa sababu maana yake ya msingi ni moja: 'hili tumekwisha kulijua, sasa sikiliza.'

John Haiman alikuwa amegusa jambo la jamii hiyo katika Kihua, lugha ya nyanda za juu za mashariki, alipotoa mwaka 1978 hoja yake maarufu kwamba kishazi cha sharti ni mada. Mada za sentensi na vishazi vya 'ikiwa' katika Kihua huvaa alama moja. Mwenye kuziweka kazi hizi pamoja, kivumishi, wakati, sharti na mada, haoni tena ajabu kwamba neno moja la kuonyesha laweza kuzitumikia zote.

Ushahidi ulio karibu zaidi na macho yetu, kwa kuwa umetokea katika kipindi kifupi cha historia inayojulikana, umo katika Tok Pisin, lugha ya mawasiliano ya Papua Guinea Mpya ambayo msamiati wake mwingi umetoka katika Kiingereza. Gillian Sankoff na Penelope Brown walieleza mwaka 1976 jinsi neno ia, lililotokana na neno la Kiingereza la 'hapa', lilivyokuwa kionyeshi baada ya nomino, kisha likaanza kukizingira kishazi kivumishi kama mabano: 'Man ia i kam asde ia em i papa bilong mi', yaani 'Mtu aliyekuja jana ni baba yangu.' Ia ya kwanza yasema 'huyu ninayetaka kumtaja', na ya pili yasema 'nimemaliza kumweleza'. Sarufi imekua kutokana na mahitaji ya mazungumzo, na hakuna aliyeketi akaitunga.

Lakini mfano huu wa Tok Pisin unatuletea onyo ambalo wanaisimu historia hawana ruhusa ya kulipuuza. Sankoff na Brown waliona kwamba Kibuang, lugha ya mkoa wa Morobe, nacho kina neno la kuonyesha linalofanya kazi ya namna hiyo. Na Kibuang ni cha Kiaustronesia, hakina udugu na Kiusan. Mpango wa sentensi waweza kuambukizwa kutoka kijiji hadi kijiji, hasa katika nchi ambamo kila mtu mzima alikuwa akijua lugha mbili au tatu za majirani. Kwa hiyo kukuta lugha mbili zinafunga vishazi kwa kionyeshi, au kwamba zote mbili hutanguliza kishazi kabla ya nomino, si ushahidi kwamba lugha mame yao ilifanya hivyo. Lugha yenye kitenzi mwisho ina mwelekeo wa kutanguliza vivumishi vya aina hii hata pasipo urithi.

Ndani ya ukoo wa Awyu wenyewe jambo hili laonekana wazi. Kikombai huunganisha kishazi na nomino ya nje kwa kiungo chenye umbo la -no au -o. Kikorowai, lugha nyingine ya ukoo huo, chatumia kiungo xa, na kiungo hicho si cha vishazi peke yake, kwani huunganisha pia vionyeshi na nomino zake. Kwa sauti, viungo hivi viwili havina kinachoviunganisha waziwazi. Mpango ni mmoja, misumari ni mbalimbali. Mwenye kutaka kuunda upya lugha mame ya Awyu atasema kwa ujasiri juu ya viwakilishi vya nafsi na viambishi vya kitenzi, ambako sauti hulingana kwa kanuni. Juu ya vishazi vivumishi itampasa aseme kwa sauti ya chini. La haki kusema, kwa maoni yangu, ni kwamba mpango ulirithiwa, au angalau ulikuwa umeenea tangu zamani, na kila tawi likaufanyia upya viungo vyake kutokana na maneno yaliyokuwa karibu. Tabia ya Kikorowai ya kutumia kiungo kimoja kwa kionyeshi na kwa kishazi yatuonyesha mahali ambapo viungo vipya huweza kupatikana.

Turudi sasa kwa Kiswahili, kwani nilimwahidi msomaji. Sentensi ile ya panga, tukiifuata kwa uaminifu, tungeweza kuisema hivi: 'Ulichokichukua ni panga langu.' Hakuna nomino ya nje, na hakuna anayeitafuta, kwa sababu -cho- yafanya kazi ileile ya ro ya Kikombai: hutaja aina, 'kitu', na kumwachia msikilizaji mengine. Na 'Uliyemwona ni mjomba wangu' ina rumu yake ndani ya -ye-. Ngeli zetu ni ghala la nomino za jumla zilizokwisha kusagwa zikawa mofimu.

Na mzazi wa pili yumo pia. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliiita -o hii kwa jina la haki, o ya kurejelea, akaonyesha kwamba ni ileile iliyomo katika hicho, hapo, hizo. 'Hapo' na 'alipo' ni ndugu wa tumbo moja. Gĩkũyũ kimekiacha kionyeshi kisimame peke yake bila kujificha: mũndũ ũrĩa, 'mtu yule', ndiyo pia mwanzo wa 'mtu ambaye'. Ikiwa ni hivyo, kumfundisha mwanafunzi kwamba -cho- ni 'kiwakilishi' kilichochukua nafasi ya nomino iliyoondolewa ni kumfundisha sarufi ya Kilatini kwa maneno ya Kiswahili. Tena mwanafunzi mwerevu atauliza mbona katika 'kitabu alichokisoma' mna -cho- na -ki- pamoja, kama nomino iliondolewa mara moja tu. Swali hilo limenikuta darasani zaidi ya mara moja, na kitabu kilichokuwa mezani hakikuwa na jibu.

Amba- ni habari nyingine. Hiyo yatokana na kitenzi kuamba, 'kusema', kitenzi ambacho Kigiryama kingali nacho na ambacho Kiswahili sanifu kimekihifadhi katika 'kwamba'. Imekuja kutuokoa pale ambapo kitenzi hakikubali kirejeshi ndani yake, kama katika 'ambaye amesoma', na kutoka hapo imeendelea kuenea hata pale ambapo 'aliyesoma' ingetosha. Waandishi wa habari wameipenda kupita kiasi. Lakini kwa mwanahistoria wa lugha ni bahati, kwa kuwa kishazi kivumishi cha Kiswahili kinapata mzazi wa tatu mbele ya macho yetu, kama vile Tok Pisin ilivyopata ia yake.

Kikombai na ndugu zake nao wana mgeni mlangoni. Tangu utawala wa Indonesia ulipoingia mwaka 1963, lugha ya shule na ya ofisi ni Kiindonesia, na Kiindonesia huweka nomino mbele, kisha neno yang, kisha kishazi. Ni kinyume kabisa cha mpango wa Awyu. Kijana aliyesoma kwa Kiindonesia na kusimuliwa hadithi kwa Kikombai anabeba mipango yote miwili kichwani. Kama doü ya pili itaanguka, au kama ro itahamia mbele ya kishazi ili kumwiga yang, mabadiliko hayo yatatokea katika kizazi kimoja au viwili, na hayatangoja wanaisimu wapate fedha za safari. Masimulizi ya lugha za ukoo huu aliyoyaandika Drabbe katika miaka ya 1950 yangali yanasomeka, na vishazi vivumishi vilivyomo vyaweza kuhesabiwa, kimoja kimoja, na mtu yeyote aliye tayari kujifunza Kiholanzi kidogo.